Waliopigia Ufunguo

Jirani yetu alikaribia kufukuzwa plot kwa sababu ya tisheti, na mimi ndiye niliyeitwa kuandika barua ya kumfukuza. Nilikuwa kidato cha tatu. Katika plot yetu, vyumba vya kupanga vinavyotazamana kwenye ujia mmoja, kila mtu anajua mambo mawili kunihusu: siongei, na Kiswahili changu ni cha shule. La kwanza wanalicheka. La pili wanalitumia bure.

Naanza na ukuta, kwa sababu bila ukuta hakuna kilichotokea.

Upande wetu wa Kibera unaishia kwenye ukuta wa Chuo. Jina lake sitalitaja, na hata sisi hatulitaji. Tunasema Chuo tu, vile watu husema Serikali. Chuo ndicho kinachoamua nani awe soja wa kulinda, nani afagie, maji ya nani yakatwe wakati bomba lao linatengenezwa. Kila mwaka wanafunzi wake huja kwetu na karatasi za maswali. Mmoja aliwahi kumwuliza mama kama anaridhika na makazi yake. Mama alikuwa anakanda unga. Akamwambia, "Andika ndiyo, niko na haraka." Nina hakika hiyo ndiyo iko maktaba sasa, imefungwa jalada gumu: anaridhika.

Kwenye ule ukuta palikuwa na geti dogo la chuma ambalo wanafunzi walitokea saa za chakula. Mama aliuza chapati na madondo, maharagwe yetu ya Nairobi, hatua chache kutoka hapo. Kando yake alikaa Mama Samaki, ambaye pia ndiye aliyekusanya kodi ya plot yetu kwa niaba ya mwenye nyumba, mama Mnubi mzee ambaye hakupenda makelele wala habari ndefu. Wanawake wa plot karibu wote walikula kupitia hilo geti. Jirani tuliyepakana naye ukuta ndiye peke yake aliyepita geti kuelekea ndani: alikuwa akisafisha hosteli za Chuo, na alitembea na funguo nyingi kiunoni hadi ungemsikia kabla hujamwona.

Mwaka wa uchaguzi, kampeni zikiwa zimeshaanza, Chuo kikafunga geti. Walibandika tangazo. Nikaitwa nilisome.

"Jamii jirani inafahamishwa kwamba, kwa sababu za kiusalama..."

"Jamii jirani ni nani?" Mama Samaki akauliza.

"Ni sisi," nikasema.

"Si waseme tu wale wezi wa Kibera, wamalizie hapo."

Kutoka siku hiyo wanafunzi wakawa wanakula ndani, na mama akawa anabeba beseni kuzunguka hadi Ayany, ambako masoja wa estate walimfukuza kama kuku. Kwa hiyo mgombea yeyote wa uwakilishi wadi aliyetaka kura zetu alipaswa kusema neno moja: geti.

Wagombea walikuwa wengi, lakini wenye maana walikuwa wawili, na wote walikuwa wagombea huru waliotemwa na chama kimoja. Wa kwanza tulimwita Mtu wa Chuo. Aliwahi kufanya kazi ofisi fulani huko ndani, akaandikisha wanafunzi wawe wapiga kura wa wadi yetu, watu ambao wangepiga kura halafu waende kwao na wasijue hata mtaro wetu unapita wapi. Huku kwetu hakukanyaga. Alikuwa anashinda hosteli na Ayany, akinywa chai na watu wenye vikombe vinavyofanana.

Wa pili tulimwita Mtu Wetu. Mtu Wetu alikuwa anaishi Gatina, kwa ghorofa yake mwenyewe, na kila asubuhi aliletwa na pikipiki ya boda kutoka stendi ya Kawangware 56 aje kuwa mmoja wetu. Alikuwa amekodi chumba Kibera, akatia godoro moja na bendera, basi akawa mkaazi. Alivaa sandali za mpira akiwa huku. Nilimwona siku moja akizivaa, ameketi juu ya pikipiki, viatu vyake vya ngozi akivifunga kwenye mfuko wa nailoni. Watu walimwona pia. Walisema, "Huyu anatuheshimu, hataki kutuonyesha viatu."

Alikuja kwa kibanda chetu alasiri moja.

"Niaje, msichana. Mathe anasema wewe ni moto kwa insha."

Niliangalia zile sandali.

"Haongei huyu," mama akasema. "Lakini mpe kalamu uone."

Akaniinamia akanong'ona, kana kwamba mimi na yeye tuna siri. Shida yake ilikuwa alama, ile ambayo mgombea huru hujichagulia iwekwe kando ya jina lake kwenye karatasi ya kura. Alipojiandikisha, alichagua kufuli, akitaka kuwaambia watu kwamba atawafungia wezi wa pesa za wadi. Halafu Chuo kikafunga geti.

"Sasa nisimame na kufuli mbele ya watu wamefungiwa geti? Si nitapigwa mawe, aki!" Akacheka peke yake. "Hiyo kufuli nimeitoa kwa mabango. Wataniona sura, inatosha. Wewe nipe maneno tamu."

Niliandika nyuma ya daftari la hesabu: *Geti lifunguke! Kura yako ndiyo ufunguo.*

Aliisoma mara mbili, akaninunulia soda. Siwezi kudanganya, nilijivuna. Mwalimu wangu wa Kiswahili alikuwa ametufundisha istiari wiki ileile, na hii hapa istiari yangu, kesho yake imepakwa rangi nyekundu kwenye mabati, na keshokutwa inapigiwa kelele kwa spika juu ya pikapu. Wanawake wakaifanya wimbo. Yeye angeuliza, "Geti tunafungua na nini?" nao wangeitikia, "Ufunguo!" Mama Samaki alikuwa akigeuza samaki kwenye mafuta huku akiimba ufunguo, ufunguo. Watoto wa chekechea waliimba ufunguo. Mtu Wetu mwenyewe, mwenye kufuli, alicheza ufunguo mpaka jasho likamtoka. Hakuna hata mmoja aliyeuliza alama yake ni nini. Walikuwa na hakika wanaijua.

Zilibaki siku tisa kura ipigwe nilipotumwa Ayany kupeleka chapati. Kwenye ukuta karibu na kanisa palikuwa na bango la Mtu wa Chuo: koti jeusi, tai nyekundu, uso umepakwa mwanga. Na chini ya kidevu chake, wa rangi ya dhahabu, mkubwa kuliko kichwa chake, ufunguo.

Nilisimama pale mpaka chapati zikapoa.

Sikumwambia mtu. Naandika vile ilivyokuwa. Nilirudi nyumbani nikaosha sufuria. Nilijiambia watu si wajinga kiasi hicho, kwamba watasoma jina, wataangalia picha. Nilijiambia pia kwamba si kazi ya mtoto. Ukweli ni kwamba kusema kungehitaji nisimame mbele ya watu wazima kumi na kitu na kuwaambia maneno yangu mazuri yameharibika, na mimi hata kuitikia jina langu darasani hunitoa jasho.

Siku ya kura mama alitoka alfajiri akarudi mchana, kidole kina wino, amefurahi kama mtu aliyetoka harusi.

"Nimewapigia ufunguo huo," akasema, "mpaka kalamu ikataka kutoboa karatasi."

"Ulisoma jina?"

"Jina la nini? Karatasi ni sita, karani anasema mama haraka, picha zote ni wanaume wa koti. Nimetafuta ufunguo, nimeupata, nimemaliza."

Mama anajua kusoma. Husoma Biblia, husoma risiti, husoma hata maandishi madogo kwenye pakiti ya unga. Siku hiyo alisoma wimbo. Nikamtilia chai.

Matokeo yalibandikwa mlangoni mwa darasa la pili, pale shule ya msingi tulipopigia. Nikatumwa tena kuyasoma. Karatasi ya matokeo ina majina tu, haina picha wala alama, kwa hiyo niliposoma jina la Mtu wa Chuo juu kabisa na la Mtu Wetu chini, mbali, wanawake walishika vichwa.

"Soma vizuri!"

"Nimesoma vizuri."

"Hapo kwetu? Hapo kwa kituo chetu?"

Hapo ndipo palipowauma. Wanafunzi walikuwa wamepigia kituo cha upande wa Ayany. Kwenye kituo chetu tulikuwa sisi kwa sisi. Kwa hiyo wizi haukutoka nje. Walikaa siku mbili wakilitafuna hilo. Kwanza walisema ni wale wa plot ya pili, ambao hulala na yeyote anayewapa unga. Halafu wakasema ni watu wa kanisa fulani. Halafu Mama Samaki akainua macho kwenye kamba ya nguo, akaiona tisheti.

Ilikuwa nyeupe, ina uso wa Mtu wa Chuo kifuani na jina lake kwa herufi kubwa. Mwenye tisheti alikuwa yule jirani wa hosteli. Walikuwa wakizigawa huko kazini kama karanga, na yeye alichukua yake akawa anapigia deki. Ilikuwa imetoboka, ina harufu ya dawa ya choo. Lakini uso ni uso.

"Mmeona?" Mama Samaki akasema. "Anakula Chuo, amepigia Chuo. Tumelala na nyoka."

"Na zile kura zote zingine?" mtu akauliza. "Mtu mmoja ana kura moja."

"Aliongea na watu. Hamkumbuki pale mfereji wa maji? Si alikuwa anasema maneno ya kupinda?"

Wakakumbuka. Kila mmoja akakumbuka zaidi ya mwenzake. Ikaamuliwa kwamba Jumamosi alasiri wataketi, waandike barua, wote watie sahihi, mwenye nyumba apelekewe: huyu mwanamke analeta vurugu, ahame kabla ya mwezi kuisha. Mama Mnubi hangeuliza maswali. Barua yenye sahihi nyingi kwake ni makelele, na makelele huyaondoa. Jirani alikuwa ameishi chumba kile miaka kumi na moja. Watoto wake wawili walizaliwa humo, na shule yao iko hatua mia kutoka mlangoni.

Jumamosi wakaketi kwenye ujia, juu ya ndoo na stuli. Tisheti ilikuwa imetundikwa msumarini mlangoni mwa Mama Samaki, kama picha ya marehemu. Jirani aliitwa naye akaja, akasimama, mikono kwenye aproni. Hakulia. Alituangalia mmoja mmoja kama mtu anayekagua vyoo.

"Andika," Mama Samaki akaniambia. "Anza na tarehe. Halafu: sisi wakaazi waaminifu, ambao tulimpigia Mtu Wetu kura..."

Niliandika tarehe. Halafu nikasema, kwa sauti ambayo ilibidi niirudie kwa sababu hakuna aliyeisikia mara ya kwanza:

"Lazima kuwe na ushahidi."

"Ati?"

"Kwa barua rasmi. Kila mtu anatia sahihi, na kando ya sahihi anachora alama aliyopigia. Ndiyo mwenye nyumba ajue nyinyi ni waaminifu. Shuleni ndivyo tunafundishwa."

Shuleni hatufundishwi hivyo. Ulikuwa uongo mtupu, wa kwanza kuusema mbele ya umati, na wakauamini kwa sababu ulianza na shuleni.

Daftari likazunguka. Ningependa kusema kuna aliyesita. Walichora kwa bidii, ulimi nje, kama watoto. Mmoja alichora ufunguo mwembamba kama kijiko. Mmoja akaupa shimo la kutundikia. Mama Samaki alichora mkubwa, una meno, akautia na rangi kwa kalamu mpaka karatasi ikalowa. Mama yangu alichora wake mzuri sana, na chini yake akaandika *ufunguo*, asije akaeleweka vibaya. Mmoja alicheka akasema, "Huu wangu unaweza kufungua hata benki," na wote wakacheka, hata nami nusura nicheke.

Likafika kwa jirani.

"Hata yeye?" mtu akalalamika.

"Hata yeye," nikasema.

Alichora haraka, akanirudishia. Lilikuwa kufuli.

"Si mnaona!" Mama Samaki akaruka. "Si huyo hapo! Amejichora mwenyewe! Sisi sote ufunguo, yeye peke yake kufuli! Anataka geti lifungwe!"

Kelele ikawa kubwa. Niliinuka. Sikuwa na maneno ya kupita ile kelele, kwa hiyo nilienda msumarini nikaigeuza tisheti.

Hakuna aliyewahi kuiangalia mgongoni. Ilikuwa na ufunguo wa dhahabu kutoka bega hadi kiuno, na chini yake, *Piga hapa.*

Wakanyoosha shingo waone.

"Mtu Wetu alikuwa kufuli," nikasema. "Aliniambia mwenyewe. Aliitoa kwa mabango kwa sababu aliona haya. Ufunguo ni wa Mtu wa Chuo."

Niliona ikifika kwenye nyuso, moja baada ya nyingine, na nilidhani sasa nitaona aibu. Mama Samaki alikuwa wa kwanza kupata sauti yake.

"Kwani kufuli inafungua nini?" akasema kwa hasira. "Ni upuzi gani huo? Mtu wa kufungua geti anachukuaje kufuli?"

"Enyewe," mwingine akasema. "Alituchezea."

"Na nani aliandika ile maneno ya ufunguo?"

Mama aliniangalia, halafu akaangalia chini.

"Ni mimi," nikasema.

"Mtoto ndiye ametuangusha!" Walipumua wote pamoja, wamepata mahali pa kuliweka kosa. "Mtoto wa shule! Kujua Kiswahili mingi!" Ukurasa wenye funguo ukachanwa, ukatiwa jikoni kwa Mama Samaki chini ya makaa. Barua haikuandikwa. Lakini hakuna aliyemgeukia yule mwanamke aliyesimama na mikono kwenye aproni akamwambia hata pole. Walibeba stuli zao. Mmoja alimwambia, "Sasa hiyo tisheti uitoe hapo, inanuka." Walikuwa wamepiga kura wakiwa vipofu, walikuwa tayari kumtupa nje mtu pekee aliyeona, na kilichowaudhi kilikuwa harufu.

Jioni hiyo, kukiwa bado na mwanga, jirani alinikuta mferejini.

"Ulijua kutoka lini?"

Ningeweza kusema tangu matokeo. Nikasema, "Siku tisa kabla. Niliona bango Ayany."

Aliweka ndoo yake chini ya bomba.

"Mimi niliwaambia hapahapa. Niliwaambia ufunguo si wake, mimi nimeona huko hosteli. Wakasema nimelipwa. Hapo ndipo uadui ulianzia." Akafunga bomba. "Wangekuamini wewe. Wewe ndiye mwenye maneno yao. Neno moja, na hata leo hungehitaji ujanja wa kuchora-chora."

"Nisamehe, auntie."

"Wale wamekosa kwa ujinga," akasema. "Wewe siyo mjinga."

Akajitwisha ndoo, akaondoka. Nimedharauliwa na watu wengi, na mimi huwa ninawadharau kimyakimya, ndiyo tabia yangu na ndiyo maana ya madaftari haya yote ninayoyajaza. Dharau ya kwake sikuweza kuirudisha.

Hakuna aliyemfukuza. Alihama mwenyewe mwisho wa mwezi. Alisema hawezi kulea watoto mahali ambapo wimbo unaweza kuwatoa nyumbani. Alipata chumba Kawangware, akaleta mkokoteni, na nilimsaidia kubeba beseni na jiko, na hakunikataza, wala hakuniambia asante. Watoto wake walikalia godoro juu ya mkokoteni, wakatupungia mikono. Mama Samaki alikuwa amesimama mlangoni akasema, "Si ungengoja tu, mama, mbona haraka? Tulikuwa tumesahau hayo mambo."

Geti bado limefungwa. Mwakilishi wadi mpya alikuja mara moja kutushukuru. Alisema hakutarajia kupata kura nyingi hivyo upande huu, ameguswa, na wanawake walimpigia makofi. Mtu Wetu hakuja tena. Godoro lake liliuzwa.

Chumba cha jirani kilikaa wazi siku nne. Kikachukuliwa na wanafunzi wawili wa Chuo, vijana wa kike wenye masanduku ya magurudumu, na kodi ikapandishwa, nao wakalipa bila kuuliza. Wanawake wa plot wakawa wapole kama maziwa. "Wasomi wetu." "Karibuni, wasomi wetu." Mama Samaki aliwapelekea samaki wawili kwenye sahani yake ya kioo, ile ambayo haitoki kabatini. Baadaye akanijia na karatasi nyeupe na kalamu nyekundu.

"Niandikie kitu kizuri cha kubandika hapo mlangoni kwao," akasema. "Ya kuwakaribisha. Na ile Kiswahili yako ya shule."

Nilimwambia Kiswahili changu kimeisha.

"Kimeisha kivipi?"

Nikaingia ndani, nikafunga mlango. Nilimsikia akimwambia mama kwamba mtoto wake siku hizi ana madharau.